Kikombe cha Chokaa

Harufu yenyewe ni ya chokaa iliyoloweshwa, kisha ikafichwa na sukari. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni, na nilidhani imeshazikwa pamoja na watu wa wakati ule. Juzi mjukuu wangu aliniomba nimsindikize kumpeleka mwanawe hospitali, kitoto kinachopaliwa kila kinaponyonya. Nesi akaja na kikombe chenye uji mweupe, akatueleza kwa upole kwamba mtoto atakunywa huku mashine ikimtazama koo, na sisi tutaona kila kitu kwenye kioo cha televisheni ukutani. "Bibi, sogea uone," mjukuu wangu akaniita. Sikusogea. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, ncha ya khanga puani, na watu wakadhani bibi kizee amezidiwa na joto.

Kitukuu changu hakuwa na jambo kubwa. Mama yake alielekezwa namna ya kumpakata anapomnyonyesha, tukarudi nyumbani. Lakini harufu ile haikunitoka, nikaona heri niandike, hasa kwa ajili yenu wa rika langu mnaoikumbuka Temeke ya mikorosho na minazi, ya nyumba za udongo zilizoezekwa kwa makuti au kwa madebe yaliyopondwa, wakati mjini kulikuwa mbali kama nchi ya watu wengine.

Wazazi wangu walitoka kusini. Baba alipata kazi katika kiwanda cha mafuta ya nazi na sabuni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa, ngozi imekunjamana na kung'aa. Kovu hilo lilitokana na kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni. Tone la maji yake likikugusa unahisi utelezi kwanza, halafu ndipo moto. Kwa hiyo Baba alikuwa na amri moja nyumbani kwake isiyojadiliwa: kostiki isivuke mlango. Wanawake wengi pale mtaani walikuwa wakipika sabuni uani na kuuza vipande. Mama alikatazwa, naye aliitikia, "Sawa, Baba Zainabu," na sote tukaamini.

Zainabu ni mie. Baada yangu walizaliwa wawili wakafa wachanga, kisha akaja Athumani, tuliyemwita Mani. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Asubuhi alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha jirani yetu, Mama Chausiku, aliyekuwa akichoma maandazi, na kuuliza maswali mpaka apewe andazi ili anyamaze. Alikuwa akilila polepole, kwanza ukoko wa nje, halafu lile tumbo laini. Hakupenda kusaidiwa.

Siku hiyo nilirudi kutoka chuoni adhuhuri, nimeshika juzuu yangu kichwani. Uani kumefagiliwa na kumwagiwa maji, jambo ambalo Mama hakuwa akilifanya mchana. Mani alikuwa amelala kifuani kwake. Midomo yake ilikuwa imevimba, na udende ulikuwa ukimtiririka bila kukoma, una wekundu. Mama Chausiku alikuwa amesimama na bakuli la maziwa. Mama alikuwa amefunga kitambaa kwenye vidole vya mkono wa kulia.

"Mani ana nini?"

"Homa ya mdomo," Mama akajibu. "Imempata ghafla."

"Na wewe vidole?"

"Sufuria. Nenda kavue nguo za chuo."

Baba aliporudi aliambiwa vivyo hivyo, homa ya mdomo, naye akamchukua Mani akamtembeza uani mpaka akasinzia.

Vidonda vya mdomo vilipona. Kwa muda mfupi tulifurahi, Mani akarudi kwenye maneno yake, ingawa sauti ilikuwa imekwaruza. Halafu wali ukaanza kumrudia. Alikuwa akitafuna vizuri, akimeza, akitulia kidogo kama mtu anayesikiliza kitu, kisha wali wote ukirudi kama ulivyokwenda, haujachacha, haujabadilika. Baadaye ikawa ndizi, baadaye uji mzito. Lile andazi la Mama Chausiku alikuwa bado akipewa kila asubuhi. Alikuwa akilitafuna, akilitema kiganjani, akilitazama, kisha akininyooshea mimi: "Dada, nimezee."

Nilimmezea. Nilidhani kweli inasaidia.

Dada yake Baba, Shangazi Mwajuma, alikuwa akikaa mtaa wa pili na kuja kwetu kila siku. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile; nguo zangu zote za Idi yeye ndiye aliyeninunulia. Alimfumbua Mani mdomo mbele ya jua, akachungulia. "Kimeo hiki," akasema. "Kimekuwa kirefu, kinaziba njia. Wifi, umekaa na mtoto mwenye kimeo miezi yote hii unamtazama tu?"

Mama alisema labda tungoje kidogo.

"Tungoje afe?"

Fundi wa kimeo aliletwa baada ya Idi. Alikuja na chuma chembamba kirefu chenye ncha iliyopinda, amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Mama ndiye aliyempakata Mani, kichwa cha mtoto kati ya viganja vyake, na kumbukumbu yangu ya saa ile si kelele za Mani wala damu aliyoitema mchangani. Ni uso wa Mama. Alikuwa amefumba macho, midomo inatetemeka kama anasoma dua, na Shangazi akimwambia, "Mshike sawasawa, wifi, usiwe mwoga." Nilidhani anamwonea huruma mwanawe kama mama yeyote. Sikujua kwamba kati yetu sote pale uani ni yeye peke yake aliyejua kuwa kimeo hakikuwa na kosa.

Baada ya hapo Mani hakuweza hata uji mwepesi. Maji yalikuwa yakipita kidogo kidogo, kwa kijiko. Asubuhi moja Baba alikuwa akimwogesha, akasimama ghafla, akamwinua juu kwenye mwanga akamtazama mbavu. Akamfuta, akamfunga kwenye shuka. "Leo siendi kazini," akasema. "Nampeleka hospitali kubwa." Shangazi alipopata habari alitukuta tunatoka, akasema hospitali ni ya kufia. Baba alimwamkia shikamoo, akaendelea kutembea.

Nami nilichukuliwa, kwa sababu Mani wakati ule hakukubali kijiko cha mtu mwingine ila changu.

Tulikaa sana kwenye mabenchi ya upande wetu Waafrika. Mwishowe daktari wa Kizungu, mrefu, mwenye nywele nyekundu mpaka mikononi, akambonyeza Mani shingo na tumbo, akasema maneno kwa dresa, msaidizi wake, na dresa akatugeukia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kiswahili cha mjini. "Mtoto atapigwa picha ya eksirei. Atakunywa dawa nyeupe, na daktari atamwangalia ndani wakati anakunywa. Baba angoje hapa. Mama aingie." Mani akaning'ang'ania shingoni akilia. Dresa akapumua. "Na huyu dada mtu naye aingie."

Kabla ya kuingia tulimwona daktari amekaa peke yake kwenye kiti cha ukumbini, amevaa miwani myekundu iliyombana pande zote, hasomi, hafanyi lolote. Nilishika mkono wa Mama. Sasa najua kuwa miwani ile ilikuwa ya kuyazoesha macho yake giza. Siku ile nilijua tu kwamba Mzungu mwenye macho ya damu anatungoja.

Chumba hakikuwa na dirisha, taa moja tu ilikuwa ikiwaka. Mani alisimamishwa, mgongo kwenye ubao, na mbele yake wakasogeza kioo kikubwa. Nikapewa kikombe. Kabla taa haijazimwa nilikuwa nimekiona kilichomo: kizito, cheupe, na harufu ilikuwa ileile ya chokaa ambayo Baba alikuwa akipaka ukutani kila mwaka kabla ya Idi, akiziba nyufa kwanza, halafu akipitisha brashi mpaka ukuta unakuwa mpya. Nikaelewa. Hakuna aliyenieleza, nikajielewea mwenyewe: koo la Mani lina nyufa, nao wanataka kulipiga chokaa kwa ndani. Moyo wangu ukatulia. Nilisema, "Mani, kunywa. Ina sukari. Ukinywa hii utakula andazi."

Mashine ikanguruma, na kioo kikawaka kijani hafifu, na humo kiooni nikamwona ndugu yangu hana ngozi. Mbavu zake zilipangana kama fito za nyumba isiyokandikwa. Katikati kitu kama chura kilikuwa kikipwita. "Kunywa," dresa akasema gizani. Mani akameza. Dawa ambayo kikombeni ilikuwa nyeupe, kiooni ilikuwa nyeusi, ikashuka shingoni upesi, ikafika kifuani, ikasimama. Ilijikusanya pale, ikatuna kama kifuko. Kisha chini ya kifuko ukatoka uzi mmoja mwembamba, umepindapinda, ukateremka polepole sana. Daktari akasema neno. Akasema tena, "Kunywa," yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Uzi haukunenepa.

Taa zilipowashwa Baba aliitwa. Daktari alikuwa akinawa mikono. Dresa alizungumza akimtazama Mama tu.

"Mama, daktari anauliza: mtoto huyu alikunywa nini?"

Mama akakunja ncha ya khanga yake.

"Anasema hiki si kimeo. Njia ya chakula imeungua, ikapona kwa makovu, na makovu yameibana. Kuna kitu kikali kimepita pale. Anataka kujua ni kitu gani, ili ajue atafanya nini."

"Ni homa ya mdomo," Baba akasema. "Alipata homa."

"Homa haiunguzi hivi, mzee."

Mani alikuwa akijifuta midomo meupe kwenye gauni langu. Baba akageuka. "Mjibu daktari, Mama Zainabu."

"Kostiki," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ilikuwa kwenye kikombe cha bati. Niliinama kuchukua mafuta, nikageuka akawa ameshakinywa. Nilimtia kidole kooni atapike, nikampa maziwa. Alikuwa na kiu tu. Alidhani maji."

Dresa akatafsiri. Daktari akauliza lini.

"Kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani," Baba akarudia. Akafikiri. "Na kimeo tumemkata baada ya Idi."

Mama akainamisha kichwa. Baba hakusema kingine mle chumbani, na kwa kadiri ninavyojua hakulirudia jambo hilo kwake maisha yake yote. Njiani kwenda kwenye basi alinishika bega. "Uliyoyasikia mle ndani, shangazi yako asiyasikie. Wala mtu mwingine." Nikasema ndiyo, Baba. Kwa kweli sikuwa nimeyatia maanani. Nilikuwa na furaha kupita kiasi, na sikuelewa kwa nini wazazi wangu wamekaa viti mbalimbali na hawaongei, wakati mtoto ameshapigwa chokaa.

"Mama, kesho atakula?" nilimuuliza.

"Ile haikuwa dawa, mwanangu. Ile ni ya kumwonea tu."

Sikumwamini. Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa Mama Chausiku, nikaleta andazi, nikalilowesha kwenye chai mpaka likawa ute. Mani alifumbua mdomo kwa imani yote. Akameza, akatulia, akasikiliza. Likarudi lote, lina weupe wa chokaa. Alilitazama, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakusema nimmezee. Pale ndipo nilipojua kwamba kuona ni kitu kimoja na kupona ni kingine, na tangu hapo sijawahi kushangilia picha ya hospitali.

Ikaanza safari ya kila wiki. Daktari alisema watapanua ile njia kwa mipira mirefu ya kupitisha kooni, kwanza mwembamba, halafu mnene kidogo, na kwamba kazi hiyo ni ya muda mrefu. Mama ndiye aliyekuwa akimpeleka. Mani akawa akiijua siku kwa namna Mama anavyofunga khanga. Akijificha chini ya kitanda na kushika mguu wa kitanda, na Mama akimvuta kwa upole, kidole kimoja kimoja. Walikuwa wakirudi mchana wote wawili wamechoka, hawana sauti. Lakini safari hizo zilikuwa zikizaa matunda. Uji ulipita. Kisha uji mzito. Siku moja akala wali uliopondwa kwa tui, nusu kisahani, na ukakaa. Baba aliondoka mezani akaenda nyuma ya nyumba, na niliposikia anapenga kamasi nilidhani ameshikwa na mafua.

Wiki iliyofuata mpira ulitoboa koo. Ndivyo dresa alivyotuambia, bila kuficha: makovu yalikuwa laini, yamepasuka. Mani alilazwa na homa kali, kifua kimejaa. Alikufa alasiri, akiwa mkononi mwa Mama, baada ya kuomba maji na kukatazwa.

Basi lisingekubali maiti. Mama alimfunga mgongoni kwa khanga, kichwa amekilaza begani, kama mtoto aliyelala. Mama mmoja mwenye kapu akasogea kutupisha. "Kalala?" akauliza. "Kalala," Mama akajibu. Nilikaa karibu nao mpaka Temeke, nikiushika mguu wa Mani uliokuwa ukining'inia, na ulikuwa bado na joto upande ulioegemea mwili wa Mama.

Alizikwa kesho yake asubuhi, na wanawake wakakaa kwenye mikeka ndani kwetu. Kila aliyeingia alilia, kisha akauliza ilikuwaje, na Shangazi Mwajuma ndiye aliyekuwa akijibu, kwa sababu Mama hakuwa akisema. "Mipira ya Wazungu," Shangazi alikuwa akisema. "Mtoto ana kimeo tu, tena kimeshakatwa, angepona taratibu. Wakampeleka kule wakamtoboa. Mie nilisema. Kaka yangu hakunisikia." Wanawake wakitikisa vichwa. Mmoja akasimulia mwingine aliyefia kule. Chumba kikajaa wafu wa hospitali.

Siku ya pili ya matanga Mama Chausiku alikuja na mwanawe Chausiku mgongoni. Mtoto alikuwa akihema haraka, mbavu zikiingia na kutoka, pua zimepanuka. Shangazi akamgusa kifua. "Kichomi. Mkande kwa mafuta ya moto, mfunge. Usije ukampeleka kule."

"Nimpeleke wapi tena, mie?" Mama Chausiku akasema, macho yamejaa machozi. "Baada ya Mani? Nitamkanda hivyohivyo."

Mama alikuwa amekaa pembeni, kajifunika khanga tangu msiba uanze. Akaifunua. Alisema bila kupaza sauti, lakini watu walinyamaza kwa sababu walikuwa wamesahau kwamba anaweza kusema.

"Hospitali haikumuua Mani. Nimemuua mie."

"Wifi, huzuni inakusemesha," Shangazi akasema.

"Alikunywa kostiki yangu. Nilikuwa napika sabuni, mume wangu amenikataza, nikapika. Koo likaungua. Nikawaambia nyote homa ya mdomo. Mama Chausiku, wewe ulileta maziwa, nikakudanganya huku umesimama na bakuli." Akageuka kwa Shangazi. "Ukaniletea fundi wa kimeo nami najua si kimeo. Nikamshika kichwa akatwe. Kule ndiko walikomwona kweli. Kule ndiko alikokula wali. Ningempeleka siku ileile aliyokunywa, pengine angekuwa hai. Sasa wewe mwenye mtoto mpeleke leo, usingoje kama mie."

Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja mlangoni alijiondokea taratibu, akachukua viatu vyake. Shangazi Mwajuma alikaa amemkodolea macho, mkono juu ya mdomo, na nilipomtazama niliona anazeeka palepale. Alikuwa akikumbuka, bila shaka, maneno yake mwenyewe: mshike sawasawa, wifi. Hakumsamehe Mama kamwe. Aliendelea kuninunulia nguo za Idi mpaka nilipoolewa, lakini alikuwa akiniita nje ya mlango nikazipokee. Pale mtaani wapo waliomwita Mama mchawi wa mwanawe, na watoto wao hawakuruhusiwa kunywa hata maji kwetu.

Hayo yote yalikuja baadaye. Siku ile Mama Chausiku alisimama katikati ya chumba, akimpigapiga mtoto mgongoni, hajui aende wapi. "Mie sikujui kule," akasema hatimaye. "Sijui hata pa kuingilia."

Mama akanyanyuka. Alijifunga khanga vizuri, akatafuta makubazi yake kati ya viatu vya watu.

"Mfiwa hatoki," Shangazi akasema, akiinuka na kusimama mlangoni. "Udongo wa mwanao bado mbichi. Utatoka uende wapi?"

Nje Baba alikuwa amekaa na wanaume, naye alikuwa amesikia yote. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo tu. Aliinuka akaja mpaka mlangoni. Nilidhani amekuja kumzuia, kwa kuwa aibu aliyomfichia sasa ilikuwa ya mtaa mzima.

"Mpishe, dada," akasema.

Shangazi akasogea. Mama akamchukua Chausiku kutoka kwa mama yake, akamweka begani, na wanawake wale wawili wakaelekea barabarani kwenye kituo cha basi, wakitembea upesi.